Fulana Nyeusi na Kitambaa cha Mama

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Bi. Purdom, mwalimu wangu wa jioni, amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa sababu mtihani wa cheti cha sekondari una insha, na insha yangu ya kwanza aliisoma kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Haya, naandika. Mimi ni Denver Rowlett, miaka kumi na minane, mkataji tumbaku mwenye mkono mwepesi kuliko wote upande huu wa Kentaki. Anayebisha aje shambani na kisu chake.

Shule niliiacha mwaka jana, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Sasa nakitaka cheti kwa kuwa mwandikishaji wa jeshi, yule mwenye ofisi kati ya duka la piza na saluni ya kucha, kaniambia bila cheti hanichukui. Kanipa fulana nyeusi yenye neno JESHI kifuani, herufi kubwa kama za gari la zimamoto. "Ya kukutia moyo," kasema. Nimeivaa toka Ijumaa. Mama anasema inanuka mpaka kuku wanaikwepa.

Sababu ya kutaka jeshi naiandika mara moja tu. Mama ana uvimbe shingoni, upande wa kushoto, kama yai la kware. Mwezi uliopita madaktari wa kujitolea walikuja kwenye uwanja wa maonyesho, wakawa wanatibu watu kwenye mabanda ya ng'ombe. Tulipanga foleni palepale ambapo ndama wangu alishika nafasi ya pili nikiwa darasa la saba. Daktari kijana akaubonyeza ule uvimbe, akasema utolewe ukapimwe, na mapema. Mapema ya nani? Mama anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee, na pale wanampa saa chache za kazi makusudi, asije akafikia kiwango cha kupewa bima. Akajaribu kuinunua mwenyewe. Mtu wa kampuni akamuuliza kwenye simu kama tayari ana tatizo lolote mwilini. Mama hajui kudanganya. Akamwambia. Yule mtu akamtakia siku njema.

Mwandikishaji anasema jeshi linaitibu familia ya askari. Basi mpango wa afya wa nyumba hii ni mimi. Rais na Bunge na wabishane huko Washington mpaka makoo yakauke, Denver kashamaliza.

Jumanne, 4 Agosti

Mvua. Hatukukata.

Alhamisi, 6 Agosti

Mvua imekatika, tumekata. Nilimwacha Babu, baba yake Mama, mistari miwili nyuma. Alisema ananiacha nitangulie ili nyoka waanze na mimi.

Jioni kaja Sajini Tackett na nyanya zake. Huyu ni jirani yetu, mjane, mwanajeshi mstaafu, goti lake la kulia lilibaki kwenye vile vita vya jangwani nikiwa sijazaliwa. Kila kiangazi analeta nyanya na maneno yaleyale: "Zimezidi, Bi. Wanda, zitaoza." Mimi nimeliona shamba lake. Anapanda ili zizidi. Mama anapokea, anasema, "Asante, Virgil," na yeye anabaki chini ya ngazi za baraza, kofia mkononi, kama anasubiri amri. Amri haiji. Anarudi kwake.

"Yule mtu kaivamia nchi nzima ya watu," Babu kasema, "lakini ngazi tatu za baraza zimemshinda."

Mimi simpendi. Anatembea kama kila mtu ni kuruti wake. Leo kaniangalia fulana, hakusema kitu, na hilo limeniudhi kuliko angesema.

Kuhusu shingo ya Mama hajui. Hakuna anayejua zaidi yetu. Mama anaifunga kitambaa chekundu, na msimu wa tumbaku kila mtu anafunga kitambaa shingoni kwa sababu ya jasho na ule utomvu wa majani. Siri yake ameificha mahali ambapo wilaya nzima imevaa vilevile.

Jumatano, 12 Agosti

Umande mwingi, majani yalikuwa yanachuruzika. Tumbaku mbichi ikikulowesha inakuingia kwenye ngozi, unatapika kama umelewa. Nimetapika mara kadhaa kwa ustadi mkubwa.

Alhamisi, 20 Agosti

Leo nina mengi.

Mbunge wetu, Mheshimiwa Prather, kafanya mkutano wa wananchi kwenye ukumbi wa zimamoto kuhusu ile sheria ya matibabu, ya Rais ya kumpa kila mtu bima. Magari yalipangwa mpaka makaburini. Sijawahi kuona watu wengi vile pasipokuwa na nyama choma. Nilikuwa na swali langu, nimelifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe: Mheshimiwa, mtu akiumwa kabla ya kununua bima, apone kwanza ndipo auziwe? Fupi, kali, lingetoka gazetini.

Sikupata nafasi. Watu walianza kuzomea hata kabla mheshimiwa hajarekebisha maikrofoni. Mmoja kauliza kama ni kweli kutakuwa na kamati ya kuamua mzee gani afe. Babu kadakia kutoka nyuma, "Wakianza, mnitumie jina la mwenyekiti, nina shemeji wa kumpendekeza." Mwingine akataka kujua kwa nini vita viwili havijaisha na hela imeisha. Mheshimiwa alikuwa akijifuta kipara kwa karatasi za ajenda.

Halafu kasimama Sajini Tackett. Alikuwa kamwekea Mama kiti pembeni yake tangu mapema, kwa kofia. Ukumbi ukanyamaza, maana wanamheshimu.

"Nimeitumikia nchi hii miaka ishirini na miwili," kasema, kwa ile sauti ya uwanja wa gwaride. "Serikali imeshindwa kuziba shimo la barabara ya mtoni. Leo inataka kushika figo za watu? Na sisi tuliolipia kwa miguu yetu, mkiwaingiza wote, foleni yetu itafika wapi?"

Makofi mpaka vioo vikalia. Yeye kakaa, kamgeukia Mama kama mtoto aliyemaliza shairi. Mama alikuwa ameshasimama. "Denver," kasema polepole, "twende."

Kwenye gari hakuwasha redio. Tulipofika kwenye shimo la barabara ya mtoni ndipo aliposema, "Kati ya watu wote mle ndani, yeye peke yake ndiye asiyejua daktari ni bei gani."

Ijumaa, 21 Agosti

Sajini kaleta nyanya. Mama hakuzipokea. "Mpelekee mheshimiwa," kasema. "Jana ulikosa cha kumtupia."

Kasimama pale chini ya ngazi na kikapu chake, uso umemshuka. Nilifurahi sana. Nilicheka mpaka Babu akanipiga kwa kofia.

Jumatano, 2 Septemba

Tunakata, tunatunga mashina kwenye fito, tunayapandisha bandani yakauke. Mimi ndiye ninayepanda boriti ya juu kabisa, maana Babu ana mgongo na wengine wana akili.

Jumapili, 6 Septemba

Mama kala supu tu. Anasema hana njaa.

Jumamosi, 12 Septemba

Toby Ashcraft kazikwa leo. Alinitangulia shuleni madarasa mawili. Alikuwa golikipa na mwizi wa tikiti maji, na kwenye hilo la pili hakuwahi kukamatwa. Kafia Afghanistan, kwenye barabara ambayo Babu alilitafuta jina lake kwenye ramani na hakulipata.

Msafara ulipita kando ya shamba letu. Sisi huku, jeneza likipita, kazi inasimama. Tukachomeka visu ardhini, tukavua kofia, tukasogea mpaka kwenye ua. Sajini Tackett alikuwa barabarani tayari, amevaa suti, amepiga saluti. Yale magari yalikuwa mengi. Goti lake likaanza kutetemeka, likatetemeka kabisa, suruali ikawa inapepea kama ina upepo wa peke yake. Mkono haukushuka.

Gari la pili alikuwemo mama yake Toby. Alikuwa anaangalia nje ya dirisha bila kuona kitu, mpaka alipofika kwangu. Akaniona kifuani. Akaisoma ile fulana yote, herufi moja moja, kisha akaniangalia usoni. Gari likapita.

Nimeivua palepale, nikaigeuza ndani nje, nikaivaa tena. Babu kaona, akanishikia kofia.

Sajini kaja kuegemea ua. Alikuwa anahema.

"Unaingia lini, kijana?"

"Nikipata cheti tu. Wananingoja kwa hamu."

"Sina shaka. Kwa nini unaingia?"

Nikamwambia nalenga shabaha kuliko mtu yeyote, nchi inahitaji watu kama mimi, na mengine ya kiwango hicho. Akaningoja nimalize. Huyu mzee anajua kungoja.

"Hayo ya kumwambia msichana," kasema. "Kwa nini unaingia?"

"Nataka Mama atibiwe." Lilinitoka.

Nilikuwa nimeapa. Nikajaribu kulirudisha, nikasema namaanisha siku moja, akizeeka. Hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa anaangalia kule bandani Mama alikokuwa akipanga fito, na kitambaa chake chekundu, jua kali hivi.

"Shingoni," kasema.

Nikaanza kurekebisha kofia yangu.

"Tangu lini?"

"Majira ya kuchipua."

Kavua kofia kama jeneza linapita tena. Halafu kaniambia jambo lililovunja mpango wangu wote. "Denver, jeshi linamtibu mke na watoto. Mama wa askari hapewi kadi. Angekuwa hana kazi wala nyumba, ukamlea wewe kwa kila kitu, labda angepata kijinafasi hospitali ya kambini siku wakiwa hawana watu. Mama yangu mimi alikufa anajilipia dawa za sukari mwenyewe, na mimi nina tepe begani."

"Mwandikishaji kasema familia."

"Kasema kweli. Hukumuuliza familia ni nani."

Jumatatu, 14 Septemba

Nimemuuliza.

"Nilisema familia," kasema mwandikishaji.

"Mama si familia?"

"Nyumbani, ndiyo. Kwenye kompyuta, hapana." Kisha kaniuliza kama nina mpango wa kuoa karibuni. Kanipa na kalamu.

Jumanne, 15 Septemba

Sikulala vizuri, lakini akili yangu ikikosa usingizi huzaa. Mke anatibiwa. Mke wa mstaafu pia anatibiwa. Nani mstaafu? Nani hana mke, kama Mama asivyo na mume? Nani anapanda nyanya nyingi kupita kiasi?

Mpango wangu mpya hauna kurasa elfu moja kama wa Bunge. Una mtu mmoja mwenye goti bovu.

Jumamosi, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Sajini, nikamkuta amelala chini ya mashine ya kukatia majani, miguu tu inaonekana.

"Sajini, hujafikiria kuoa?"

"Asante, lakini wewe si mzuri kiasi hicho."

"Nazungumzia mtu wa rika lako. Mpishi. Ana hasira, lakini hasira inatunza nyumba."

Spana ikaanguka.

"Mama yako hanipi hata salamu, Denver."

"Kwa sababu ulifoka."

"Nilisema ninachoamini."

"Mbele ya mtu asiyeweza kumeza mkate."

Akatoka chini ya mashine taratibu, uso una grisi. Nilidhani atanifukuza. Kaniuliza, kwa sauti ambayo si ya gwaride, "Kumbe hamezi?"

Jumapili, 4 Oktoba

Nasikia aibu kuandika, lakini Bi. Purdom anasema matukio ndiyo insha.

Tulikuwa mezani, maharage na mkate wa mahindi. Hodi. Sajini kaingia, ngazi tatu kazipanda bila kusimama, amevaa sare rasmi ya zamani, vifungo vimekaza tumboni mpaka nikainamisha kichwa kisije kimoja kikaniua. Nywele zina maji. Akatoa pochi, akatoa kadi yake ya jeshi, akaiweka mezani kando ya bakuli la siagi. Akaanza.

Alieleza kama anawapanga watu kwa shambulio. Hospitali ya kambini iko mwendo wa saa moja na nusu. Wapasuaji wazuri. Mke anaandikishwa siku hiyohiyo. Hakuna atakayeuliza kama ugonjwa ulitangulia. Kila alipomaliza kipengele aligonga meza kwa kidole.

Mama kamsikiliza mpaka mwisho. Kaichukua ile kadi, kaiangalia picha, kairudisha.

"Virgil," kasema, "umekuja kuniposa au kuniandikisha?"

Sajini kaisogeza ile kadi karibu na siagi.

"Nani kakwambia?" Hakuningoja nijibu, alikuwa ananiangalia tayari. "Nimefua mashuka ya watu tangu nina miaka ya huyu mtoto. Sijamwomba mtu. Na wewe ulisimama kule ukasema watu kama mimi tutakurefushia foleni. Leo unanipenyeza mlango wa nyuma, niseme asante? Sitakuwa mgonjwa aliyepewa jina la mke."

"Kama haitakiwi," kasema Babu, "nipeni mimi. Mgongo unaniua."

Hakuna aliyecheka. Sajini kapiga saluti, nadhani kwa mazoea, akaenda zake. Kadi kaisahau mezani. Nimetumwa mimi kuipeleka.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mama hasemi nami.

Jumatano, 7 Oktoba

Bado.

Ijumaa, 9 Oktoba

Kasema, "Vua viatu." Tumeanza mazungumzo.

Jumanne, 20 Oktoba

Baridi ya kwanza nyeupe, umande umeganda. Tumbaku bandani imegeuka rangi ya viatu vya kanisani, na inanukia vizuri hivi kwamba unayasahau mabaya yake. Sasa tunaomba mvua. Majani yakiwa makavu ukiyagusa yanavunjika, lazima hewa iyalainishe ndipo uyaambue kwenye shina. Mwezi wa nane tuliitukana mvua, sasa Babu anatoka nje kila asubuhi kulishika jani kama anampima mtoto homa.

Mama kapaliwa na biskuti asubuhi. Si kidogo. Midomo ilibadilika rangi. Babu kampiga mgongoni, mimi nikasimama kama nguzo, mimi huyu, mkono mwepesi kuliko wote. Ilipotoka kakaa, kajifunga kitambaa upya, kasema biskuti ilikuwa kavu.

Biskuti haikuwa kavu.

Jumatatu, 26 Oktoba

Mvua. Tumeanza kuambua.

Sajini kaja asubuhi, hakuitwa, kakaa kwenye kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango penye upepo, kaanza kazi. Mama hakumfukuza. Kwenye chumba cha kuambulia mikono ikiwa mingi humfukuzi mtu.

Alhamisi, 29 Oktoba

Anakuja kila siku. Kadi haitaji. Majani anayapanga kwa ukubwa, yote yameangalia upande mmoja, shina kwa shina. Leo Mama kamwangalia muda mrefu. "Virgil, hayo yanakwenda kusagwa," kamwambia. "Hayaendi kukaguliwa." Jiko linanguruma, redio inaimba, na Mama kacheka. Mimi ndiye shahidi.

Jumatano, 4 Novemba

Redio inasema Rais bado anafikiri kama aongeze askari Afghanistan. Sajini anasema apeleke wa kutosha au awarudishe wote, kupeleka nusu ni kuua watu kwa awamu.

"Toby Ashcraft alikuwa nusu ipi?" Babu kauliza.

Sajini kaendelea kuambua.

"Mimi si msomi," Babu kasema, "lakini nchi inayoweza kumsafirisha kijana mpaka mlima wa mwisho wa dunia, na kumshushia maji ya chupa kwa ndege, inashindwaje kumfikisha Wanda mjini?"

"Baba," Mama kasema. "Acha."

"Nimeshaacha. Nimemaliza."

Sajini hakujibu hata hilo. Zamani ningesema kashindwa. Leo nilimwangalia mikono, nikaona analishika jani moja muda mrefu bila kuliambua, nikajua anafikiri. Sikujua watu wa umri ule bado wanafanya hivyo.

Jumapili, 8 Novemba

Jana usiku Bunge limeipitisha ile sheria, kwa kura chache. Bado Seneti. Na hata ikipita, mengi yake yataanza baada ya miaka.

Nikamwambia Mama kwa furaha. Alikuwa anapiga pasi.

"Vizuri," kasema. "Lakini shingo yangu haijui kuna Seneti."

Jumatano, 11 Novemba

Siku ya Mashujaa. Pankeki na soseji kwenye ukumbi wa zimamoto, bure kwa kila aliyewahi kuvaa sare. Mheshimiwa Prather alikuwepo, safari hii kajiketia karibu na mlango wa dharura. Desturi ni kila askari mzee asimame, ataje jina, kikosi, na neno moja. Wengi husema "Mungu aibariki nchi" na kurudi kwenye soseji.

Sajini kasimama.

"Tackett, Virgil. Mizinga." Badala ya kukaa, kaendelea, na watu wakaacha kutafuna. "Mwezi wa nane nilifoka hapahapa. Mheshimiwa, ile sheria yako bado siiamini. Nadhani mtaiharibu, maana huwa mnaharibu. Lakini nilisema nimeilipia kadi yangu kwa mguu, na si kweli. Hili goti nililiumiza nikishuka kwenye lori, hata risasi haikuwepo. Na tangu siku ile kila jino, kila miwani, nimetibiwa, hakuna aliyeniuliza kitu. Nikaona ni haki yangu. Pembeni yangu alikuwa amekaa mtu anayeamka kabla yangu kila siku ya maisha yake, na sikuwaza kumuuliza yeye akiumwa anafanyaje. Mtu wa aina hiyo hapaswi kuomba. Basi. Sijui sheria yake iandikweje. Nyinyi ndio mnalipwa kujua."

Kakaa. Makofi hayakuwa ya kuvunja vioo. Kulikuwa na matatu, manne, na mzee mmoja kasema "Hm." Mheshimiwa kaandika kitu kwenye leso ya karatasi.

Mama kainuka na birika la kahawa. Kapita meza tatu bila kumimina kwa mtu. Mimi na Babu tukasogeza viti bila aibu.

"Umeongea vibaya sana," kamwambia.

"Najua."

"Lori?"

"Lori."

Kammiminia kahawa. "Siku ile, kwa nini uliweka kadi?"

"Nilidhani ndiyo yenye nguvu zaidi."

"Kuliko nini?"

Sajini katia mkono mfuko wa ndani wa koti, katoa kijikisanduku kilichochakaa pembe, kama kitu kilichobebwa na funguo muda mrefu. Pete ilikuwa humo. Aliinunua mwaka juzi.

Mama kakiangalia kile kisanduku, kisha kikombe, kisha yeye. "Mwaka juzi shingo yangu ilikuwa nzima," kasema.

"Ndiyo, Bi. Wanda."

"Na bado ukaniletea nyanya."

"Zilikuwa zimezidi."

Mama akaketi.

Jumanne, 1 Desemba

Wamefunga ndoa asubuhi, mahakamani, kwa karani aliyekuwa na mafua. Babu alivaa tai ya mwaka wa mazishi ya Bibi. Mimi nilikuwa shahidi na nilisaini kwa mbwembwe mpaka karani akaomba kalamu yake. Toka pale moja kwa moja kambini, Mama kapigwa picha ya kadi. Kwenye picha amekunja uso kama anayebisha bei.

Jioni Rais kwenye televisheni: anaongeza askari elfu thelathini. Hajamaliza hotuba, simu inalia. Mwandikishaji. Ule mtihani niliofanya Oktoba nimefaulu, cheti changu kimetoka, nafasi zipo, niende Jumatatu ya tarehe kumi na nne nikasaini.

Nikawaambia. Mama kaacha kukunja nguo. Sajini kapunguza sauti ya televisheni.

"Sikukatazi," kasema. "Mimi nilikwenda na nisingebadilisha. Ila mama yako sasa ana kadi. Ukienda, tafuta sababu yako mwenyewe. Iwe ya kuweza kumwambia yeye usoni."

Nina majibu ya kila kitu, muulizeni mtu yeyote. Nikaenda kulisha ng'ombe.

Alhamisi, 10 Desemba

Wamempasua leo, hospitali ya kambini. Nilivaa fulana, upande wake wa kawaida, nikidhani itasaidia.

Tulikaa kwenye korido ndefu. Wanaopita pale ni wa rika langu. Mmoja alikuwa akijifunza kutembea kwa mguu wa chuma na anautukana, anauita "we bata." Mmoja mwenye kiti cha magurudumu, suruali imekunjwa chini ya goti, kasimamisha kiti mbele yangu akala chipsi zangu bila kuomba.

"Umemleta nani?"

"Mama."

"Safi." Kaisoma fulana. "Hiyo na mimi walinipa."

"Bado unayo?"

"Waliikata wenyewe," kasema, akichukua chipsi nyingine. "Kwa mkasi. Ndani ya helikopta."

Akacheka kwanza yeye, ndipo nami nikapata ruhusa.

Daktari, mwanamke mwenye cheo cha meja, katoka alasiri. Ilikuwa saratani. Mimi na Sajini tukashikana, sitaki kuulizwa nani alianza. Ni ya aina mvivu, kasema, haikuwa imehama, ameitoa yote. Angekawia mwaka, angekuwa anatuambia kitu kingine.

Mama kafungua macho, sauti imekwaruza kama redio ya mbali. Jambo la kwanza kauliza kama tumefunga mlango wa banda. La pili, kitambaa kiko wapi. Sajini kampa. Kakishika kidogo, kisha kanivuta, kanifunga mdomoni, kaweka fundo nyuma.

"Niacheni nilale," kasema.

Jumatatu, 14 Desemba

Tumbaku ya mwisho imekwenda mnadani. Nilipotoka huko nimepitia kati ya piza na kucha. Nimemwambia mwandikishaji hapati mtu. Kauliza sababu. Nikasema sababu niliyokuwa nayo imeolewa. Fulana nilikuwa nimeifua nimrudishie, kasema nikae nayo.

Mama karudi kazini leo, ingawa daktari alisema wiki mbili, shingo wazi, kovu jekundu kama tabasamu limehama. Anasema Darlene, anayefua naye, aliliangalia kovu siku nzima. Darlene ana maumivu ya tumbo tangu kiangazi. Wakati wa kuondoka kamuuliza, "Wanda, huyo Sajini wako ana kaka?"

Mama alisimulia akicheka. Sajini hakucheka. Kaacha chakula, kachukua kalamu na karatasi, anamwandikia mheshimiwa. Ananiuliza mimi tahajia, mimi mwenye cheti. Nimemwambia aanze na lile swali langu la ng'ombe. Kaliandika lilivyo.

Theluji imeanza. Kesho naanza kusafisha zizi, na nguo ya kazi hiyo ninayo, nyeusi, imeandikwa kifuani.